Memori kadi, flashi au SSD ndogo ya nje: chagua kwa muda wa kuijaza, sio kwa GB peke yake

Kuna siku nilikuwa na video za GB 64 kwenye laptopu, natakiwa nimpe mtu anayeondoka baada ya nusu saa, na mfukoni nina flashi mpya ya GB 128 ambayo boksi lake limeandikwa USB 3.0. Nikaichomeka nikaanza kukopi, kile kidirisha kikasoma MB 140 kwa sekunde, zimebaki dakika 8, nikajua hapa tumemaliza. Zilivyoingia kama GB 4 hivi ile grafu ikaporomoka ghafla, MB 60, MB 25, ikatulia kwenye MB 14, na pale kwenye muda uliobaki pakabadilika kuwa saa 1 na dakika 10. Nikiigusa flashi yenyewe ni ya moto. Yule mtu akaondoka bila video, ikabidi nimtumie vipande vipande kwa intaneti kwa siku mbili. Na ile flashi haikuwa feki wala mbovu, GB 128 zote zilikuwemo, tatizo ni kwamba niliinunua kwa kuangalia GB tu basi.

Toka hapo mi kila nikishika kifaa cha kuhifadhia data najiuliza swali moja kabla ya yote: hiki kinajaa kwa muda gani? Unachukua ukubwa wake unagawa kwa spidi yake ya kuandika ile ya kudumu, sio ile ya mwanzo, unapata muda. Hesabu hii ndogo ndo nitaitumia hapa kulinganisha vitu vitatu ambavyo watu wengi wanachagua kati yao, yani memori kadi za microSD, flashi za USB, na zile SSD ndogo za nje (diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani) zinazotosha kwenye kiganja.

Kwanza tuone tulipotoka

Flashi za USB za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000, na ile ya IBM iliyotengenezwa na M-Systems ilikuwa na MB 8. MB nane! Na watu waliipokea vizuri sana maana disketi ilikuwa inabeba MB 1.44. Sasa piga hesabu, hata kama ingekuwa inaandika nusu MB tu kwa sekunde, MB 8 zinajaa kwa sekunde 16. Unachomeka, unakohoa mara mbili, imejaa.

Njoo kwenye microSD. Ilianza na SanDisk mwaka 2004 ikiitwa TransFlash, mwaka uliofuata SD Association, chama kinachosimamia viwango vya kadi za SD, wakaichukua wakaipa jina la microSD. Umbo lake halijabadilika mpaka leo, milimita 15 kwa 11, unene milimita 1, ukiiweka juu ya ukucha wa kidole gumba inakaribia kulingana nao. Kilichobadilika ni cha ndani. Kadi za SD za kawaida zilikuwa zinaishia GB 2, ikaja SDHC mwaka 2006 ikafika GB 32, mwaka 2009 ikaja SDXC inayofika TB 2, na mwaka 2018 wakatangaza SDUC ambayo kwenye karatasi inaruhusu hadi TB 128. Na sio karatasi tupu, mwaka 2019 microSD za TB 1 zilitangazwa kweli, kitu cha uzito wa kama robo gramu. Kutoka MB 8 mpaka TB 1 ni mara 125,000.

Lakini ichukue hiyo kadi ya TB 1 ambayo inahakikisha kuandika MB 30 kwa sekunde tu, igawe. Inachukua zaidi ya saa 9 kuijaza. Saa tisa. Kile cha MB 8 sekunde 16, hiki saa 9, maana yake nafasi imekimbia imeiacha spidi mbali sana, na hapo ndo watu wengi tunaumia kwa sababu matangazo yanatuonyesha ile iliyokimbia.

Kwa nini spidi imebaki nyuma

Hii sehemu naomba uisome hata kama una haraka, maana ukiielewa hutadanganyika tena.

Ndani ya hivi vifaa vyote vitatu kuna kitu kilekile, chipu ya NAND, wazo lililotoka kwa Fujio Masuoka na wenzake pale Toshiba miaka ya 1980. Chipu ina vyumba vidogo vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme. Zamani chumba kimoja kilishika biti moja, chaji ipo au haipo, rahisi na haraka. Ili kuongeza nafasi watengenezaji wamefanya mambo mawili. La kwanza wamejenga ghorofa, badala ya vyumba kutandazwa chini kama viwanja wakavipandisha juu, Samsung walianza kuuza hizo mwaka 2013 zikiwa na tabaka 24 na saivi kuna chipu zenye tabaka zaidi ya 200. Hili halina ubaya wowote kwako. La pili wakabananisha biti nyingi kwenye chumba kimoja, biti 3 (hiyo wanaita TLC) au biti 4 (QLC), na hili ndo lina gharama yake.

Chukulia glasi ya maji. Kama unachotakiwa kujua ni imejaa au tupu, unamimina tu fasta. Lakini glasi ikichorwa mistari 16 na unatakiwa maji yafike kwenye mstari wa 11 bila kuzidi, utamimina kidogo, utasimama, utaangalia, utaongeza tone, utaangalia tena. Biti 4 ni viwango 16 vya chaji, biti 3 ni viwango 8. Ndo maana kuandika kunachelewa kuliko kusoma, kusoma ni kuangalia tu maji yako wapi.

Sasa ili mteja asione huo uchelewaji wanafanya hivi: sehemu ya vyumba inatumika kwa muda kama vile ni vya biti moja, data inapokelewa haraka pale, alafu kifaa kikipata nafasi ya kupumua kinaihamishia kwenye vyumba vya kubananisha. Ile sehemu ikijaa wakati we bado unamimina, unaiona spidi halisi. Ile MB 140 yangu ilikuwa sehemu ya haraka, na MB 14 ndo flashi yenyewe. Kwa hiyo ukisoma maoni ya mtu anasema "hii inaandika haraka sana", jiulize amekopi GB ngapi, maana kukopi picha 20 hakujapima kitu.

Neno "hadi"

Kwenye boksi utaona "hadi MB 150 kwa sekunde". Hiyo mara nyingi ni ya kusoma, tena kwenye mazingira mazuri kabisa. Spidi ya kuandika wanaiweka kwa maandishi madogo nyuma, au hawaiweki kabisa, na wasipoiweka mi nachukulia ni ndogo mpaka nipime mwenyewe. Unachotakiwa kutafuta ni namba ya chini kabisa inayohakikishwa, na hapa lazima niseme ukweli, kwenye vifaa vyote vitatu ni memori kadi peke yake ambazo zina alama rasmi za kukuhakikishia kiwango cha chini. Flashi haina, SSD ya nje haina. Hilo ni jambo ambalo microSD inawashinda wenzake na halisemwi sana.

MicroSD: soma alama zake moja moja

Ishike kadi karibu na mwanga utaona imejaa alama ndogondogo, kila moja ina kazi yake.

Namba ndani ya herufi C ni daraja la zamani, C10 inamaanisha inahakikisha kuandika MB 10 kwa sekunde. Herufi U yenye namba ndani, U1 ni MB 10, U3 ni MB 30. Herufi V ni kwa ajili ya video, V30 ni MB 30, V60 ni MB 60, V90 ni MB 90, hii haina mafumbo namba ndo spidi yenyewe. Alafu kuna I au II ya Kirumi, hiyo ndo inachanganya watu, sio ubora wa kadi, ni aina ya njia inayopita data. UHS-I inaishia MB 104 kwa sekunde, UHS-II inafika MB 312 na utaitambua ukiigeuza kadi nyuma, ina safu mbili za vile vibao vya dhahabu badala ya moja.

Hapo utauliza mbona kuna kadi za UHS-I zimeandikwa MB 170 au 200 wakati njia inaishia 104? Zinatumia mbinu ya mtengenezaji mwenyewe na ili uipate hiyo spidi lazima uwe na kadi rida inayoielewa hiyo mbinu. Ukiiweka kwenye kamera au simu ya kawaida inarudi kwenye njia yake, haizidi 104. Sio uongo, ila inakusaidia tu wakati wa kuhamishia video kwenye kompyuta, na kwa mtu anayerekodi kila siku hiyo nayo ni faida ya kweli.

Kwa video fanya hesabu hivi. Kamera zinataja spidi kwa megabiti, sio megabaiti, we gawa kwa 8. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni MB 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo U1 inayohakikisha MB 10 haitoshi, V30 inatosha na inabaki. Kamera inayorekodi megabiti 400 inahitaji MB 50, hapo V30 inaweza kukukatia kurekodi katikati ya tukio, chukua V60. Na kwa nafasi, hiyo ya megabiti 100 inakula GB 45 kwa saa moja, kadi ya GB 128 inakupa saa mbili na dakika 50 hivi.

Kwa simu, ukitaka kuweka programu kwenye kadi, angalia A1 au A2. Programu haziandiki faili moja refu, zinagusagusa vipande vidogo vidogo huku na kule, kwa hiyo MB kwa sekunde haikuambii kitu. A1 inahakikisha mara 1,500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde moja, A2 ni 4,000 na 2,000. Ila A2 inahitaji na kifaa chenyewe kiwe kinaielewa, kwenye simu isiyoielewa hutaona tofauti, A1 nzuri inakutosha.

Alafu kuna mgeni wa juzijuzi, microSD Express. Hii inatumia njia ileile ya PCIe wanayotumia SSD za ndani za kompyuta, ilitangazwa mwaka 2019 ikiwa na uwezo wa kufika MB 985 kwa sekunde, ikakaa miaka bila vifaa vya kuitumia, mpaka mwaka 2025 Nintendo Switch 2 ilipotoka na inadai hiyo hiyo kwa ajili ya magemu, microSD ya kawaida haichezeshi gemu zake. Nayo ina alama zake za chini, E150, E300, E450 na E600, namba ni MB kwa sekunde vilevile. Express ya GB 256 yenye E150 inajaa ndani ya nusu saa, wakati V30 ya ukubwa huohuo inaweza kwenda saa 2 na zaidi. Na umbo ni lilelile la ukucha! Mi naona hapa ndo kwa mara ya kwanza spidi imeanza kuifukuzia nafasi kwa dhati. Ila usiinunue kwa ajili ya simu au droni ambayo haina njia ya Express, itaingia vizuri tu na itafanya kazi kama UHS-I, umelipia spidi ambayo hutaiona.

Udhaifu wa microSD ni huo udogo wake. Inapotea. Inadondoka kwenye zulia unaitafuta kwa tochi. Haina pa kushikia, na joto halina pa kutokea. Na kwa kamera za ulinzi au za garini zinazoandika mchana na usiku, kadi ya kawaida inachakaa mapema, tafuta zile zilizoandikwa za kuhimili kuandikwa muda mrefu, spidi yake sio kubwa lakini kazi ile haitaki spidi, inataka uvumilivu.

Flashi: rahisi kuliko zote, na ndo inayodanganya kuliko zote

Sifa kubwa ya flashi haijapatikana kwa mwingine: haihitaji adapta wala waya. Televisheni, redio ya gari, printa, kompyuta ya mtu usiyemjua, unachomeka inasoma. Kwa kubeba nyaraka, mawasilisho, nyimbo, faili za kuprinti, sioni haja ya kutafuta kingine, ya GB 32 au 64 inakutosha na hata ikiandika MB 15 hujali maana unakopi MB 40.

Tatizo linaanza ukitaka kuifanya gari la mizigo. Maandishi ya USB 3.0 yanaelezea upana wa barabara, sio nguvu ya gari. Na ili kuchanganya zaidi, USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja, gigabiti 5 kwa sekunde, majina tu yamebadilishwa. Flashi inayoandika MB 14 ikiwekwa kwenye barabara inayopitisha mamia ya MB bado ni MB 14. Kwa hesabu yetu, flashi ya GB 128 inayodumu kwenye MB 15 inajaa kwa saa 2 na dakika 20. Kwa hiyo ukiona flashi ya GB 512 au TB 1 ambayo mtengenezaji hataji spidi ya kuandika kabisa, we iangalie kama ndoo kubwa yenye mdomo wa kalamu.

Lakini zipo flashi za aina nyingine, umbo la flashi ndani kuna kontrola ya SSD, yani ile chipu inayoongoza kuandika na kusoma. Hizi zinataja kuandika MB mia kadhaa na kweli zinafika, GB 64 unazimaliza kwa dakika chache. Utazitambua kwa mambo matatu: zinataja spidi ya kuandika mbele bila kificho, mara nyingi zina bodi ya chuma, na ni nzito kidogo. Chuma sio urembo, ni kwa ajili ya joto, maana kontrola ikichemka inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Hata za chuma zinapata moto ukikopi muda mrefu, ni kawaida, ila zile za plastiki zenye GB nyingi ndo zinachemka zikapungua mapema.

Ukiweza chukua yenye vichwa viwili, USB ya kawaida upande mmoja na USB-C upande wa pili, unatoa picha kwenye simu unaweka kwenye laptopu bila kutafuta waya.

SSD ndogo ya nje

Hapa tunaingia kwenye kifaa kikubwa kidogo, cha kiganja, lakini ndani kina chipu nyingi zinazoandikwa kwa pamoja. Hiyo ndo siri yake, chipu moja ni pole hata humu, ila kontrola inagawa kazi kwa nyingi kwa wakati mmoja, kama watu wanane wanaobeba matofali badala ya mmoja. Ndo maana microSD na flashi ndogo haziwezi kuifikia kirahisi, hazina nafasi ya kuweka hao watu wanane.

SSD ya nje ya USB ya gigabiti 10 inafika karibu MB 1,000 kwa sekunde, za gigabiti 20 zinakaribia MB 2,000, na za USB4 zinapita hapo. TB 1 kwa MB 1,000 ni kama dakika 17. Nayo ina sehemu ya haraka inayojaa, kwa hiyo tuseme inashuka mpaka MB 400, bado TB 1 nzima ni dakika 42. Linganisha na zile saa 9 za kadi. Kwa mtu anayehamisha mradi mzima wa video, au anayefanya bakapu ya laptopu, au anayetaka kueditia video hapohapo bila kuihamishia kwenye kompyuta, hamna mjadala, ni hii.

Ila ina masharti na watu wengi wanayakosa. La kwanza waya. Waya wa USB-C wa kuchajia simu mara nyingi unapitisha data kwa USB 2.0 tu, megabiti 480, ambayo kiutendaji ni MB 30 na kitu au 40. Umechomeka SSD ya MB 1,000 kwa waya wa simu, umeigeuza flashi ya kawaida, na kwa macho waya zote mbili zinafanana. Tumia waya uliokuja nao kwenye boksi na usiuchanganye na wa chaji, mi wangu nimeufunga mpira mwekundu. La pili tundu lenyewe, USB-C ni umbo, sio spidi. Mfano mzuri ni iPhone 15, ya kawaida ina USB-C inayoishia spidi ya USB 2.0, iPhone 15 Pro tundu lilelile kwa macho lakini linafika gigabiti 10 na inaweza kurekodi video za ProRes (zile nzito za kitaalamu) moja kwa moja kwenye SSD ya nje. La tatu zile za gigabiti 20, kompyuta nyingi hazina hiyo njia, na ikikosekana inashuka mpaka gigabiti 10, kwa hiyo angalia kompyuta yako kabla hujalipia.

Na kuna njia ya kati ambayo mi naipenda, kununua SSD ya M.2, ile ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, na kasha lake tofauti. Kuna za saizi ya 2230, milimita 22 kwa 30, ndogo kabisa, unaifunga kwenye kasha la chuma unakuwa na kitu kidogo chenye nguvu, na siku ukitaka kubwa zaidi unabadilisha ya ndani tu.

Sasa kazi kwa kazi

Kamera na droni hazikupi uchaguzi, ni kadi, kwa hiyo uamuzi wako ni V ngapi. Na hapa ushauri wangu ni kadi mbili za GB 128 kuliko moja ya GB 256, kadi moja ikifa katikati ya kazi umepoteza nusu tu.

Simu yenye tundu la kadi: picha, video na muziki weka kwenye microSD ya A1 yenye U3, programu kubwa bora zibaki kwenye memori ya simu, hata A2 haijafikia spidi ya ndani. Simu isiyo na tundu, flashi ya vichwa viwili.

Kuhamisha vitu vikubwa kati ya kompyuta, SSD. Kama kazi yenyewe ni ya mara mojamoja na haizidi GB 50 hivi, flashi ile yenye kontrola ya SSD inatosha na haikuchoshi na waya.

Magemu, kwenye kompyuta SSD ya nje, kwenye Switch 2 ni Express basi.

Kutunza picha za miaka mingi kwenye droo? Hapa nisikilize vizuri. Hivi vyote vitatu vinashika chaji ya umeme na chaji inavuja taratibu. Viwango vya JEDEC, shirika linalopanga viwango vya chipu, kwa SSD za matumizi ya kawaida vinataka ile iliyokwisha tumika mpaka mwisho wa uhai wake ishike data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Ikiwa mpya inakaa zaidi ya hapo, lakini mi siwezi kuacha picha za mtoto wangu kwenye flashi moja iliyofungiwa miaka kumi. Kwa kazi hii diski za zamani zile zinazozunguka bado zina heshima yake, na nakala zisipungue mbili, zikae sehemu tofauti.

Kabla hujaiamini

Ukichomeka GB 128 ukaona imeandika 119 usishtuke, hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. TB 1 itasoma 931. Lakini feki zipo, nyingi, na mbinu yake ni mbaya kuliko watu wanavyodhani: kontrola inachezewa iseme ni GB 512 wakati ndani kuna 16, unaweka vitu vinaingia bila kulalamika, majina ya mafaili yote unayaona, ila zile GB za ndani zikishajaa ile inayofuata inaandikwa juu ya ya mwanzo au haiandikwi popote. Unagundua siku unafungua. Nina rafiki alipoteza picha za safari nzima namna hiyo, majina yote 900 na kitu yapo, zinazofunguka ni chache.

Kwa hiyo ikifika, kabla ya kuweka kitu chochote cha maana, ijaze yote. Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, Linux na Mac kuna F3, zinaandika mpaka mwisho alafu zinasoma kuhakiki kama kilichoandikwa ndo kilichopo. Inachukua muda, kwa kubwa iache usiku. Na wakati inaandika tazama spidi, andika ya dakika ya kwanza na ya dakika ya ishirini, hiyo ya ishirini ndo namba ya kifaa chako, ndo ya kugawia. Ikikataa mtihani irudishe ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha.

Ikifaulu, angalia imefomatiwa vipi, yani imepangwa kwa mfumo gani wa kuweka mafaili, flashi nyingi zinakuja na FAT32 ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4, video ndefu itagoma kuingia hata kama una GB 100 tupu, badilisha iwe exFAT, ila kama ni ya kuchomeka kwenye redio ya gari ya zamani iache FAT32 maana exFAT haitaisoma. Kadi ya kamera fomatia ndani ya kamera yenyewe, sio kwenye kompyuta, alafu rekodi dakika 10 za kujaribu kwa ubora wa juu kabisa. Isipokatika, nenda nayo kazini.